Zamu ya Luciana Kuvaa Nyaya

Kama Luciana angekuwa amesuka siku ile, mimi nisingekuwa na la kusimulia, na huenda ingekuwa heri kwa watu kadhaa. Lakini hakuwa amesuka. Alikuwa amefumua nywele zote kule Unyambwa kwa shangazi yake, ili asukwe upya kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wake anayeolewa, na msusi akamwambia hana nafasi mpaka Ijumaa. Akapanda gari kwenda Nduguti kwenye kazi ya utafiti bila kusuka, kafunga kitambaa tu, akijua mashine ingefika wiki inayofuata kama walivyotangaziwa. Wapi. Mashine ikafika Jumatano asubuhi, imefungwa vizuri ndani ya magodoro ili isitikisike njiani.

Ni mashine ya kupima umeme wa ubongo. Usishtuke, kila kichwa kina umeme wake mdogo, hata cha yule jirani yako unayedhani hana kitu ndani. Unabandikwa nyaya nyembamba kichwani, kompyuta inachora mistari. Mtu mwenye ugonjwa wa kuanguka, yaani kifafa, mistari yake mara nyingine huruka ghafla na kuchongoka. Luciana alikuwa anasomea mambo hayo hayo. Alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika sayansi ya ubongo, mmoja wa vijana wachache ambao Profesa Sixbert alikuwa anawalea wawe watafiti. "Sitaki kutoa watu wenye vyeti," Profesa alizoea kusema. "Nataka watu ambao nikifa leo, kesho kazi inaendelea."

Na Profesa alikuwa na sheria yake, haijaandikwa popote lakini haivunjwi. Mwanafunzi wake hamfungi mtu nyaya mpaka yeye mwenyewe akae kwenye kiti, afungwe mbele ya wenzake, na mistari yake isomwe kwa sauti. Mtafiti asiyejua baridi ya ile gundi kichwani, alisema, hana haki ya kumpaka mtoto wa mtu. Wote walishakaa. Fredrick, kijana wa Singida mjini, alikaa zaidi ya mara moja maana anapenda kuangaliwa. Luciana peke yake ndiye aliyekuwa akikwepa, na ngao yake ilikuwa hizo nywele: zimesukwa, zimebana, hakuna pa kupitisha waya. "Nimesuka, Prof," anasema. Na Profesa, mwanaume wa watu, angejibu nini kuhusu nywele za mwanamke? Anasema haya, siku nyingine. Kazi ya kusoma mistari ya wengine Luciana aliifanya kuliko wote, kwa hiyo hakuna aliyemsumbua.

Ukweli ni kwamba Luciana mwenyewe alikuwa anaanguka.

Ilimwanza akiwa sekondari, likizo, nyumbani kwao Mgori. Alikuwa anasonga ugali. Alipopata fahamu alikuwa chali sakafuni, ulimi unavuja damu, na mama yake ameshafunga mlango na kuweka kiti nyuma yake. Majirani wakaambiwa malaria imempanda kichwani. Baadaye akahamishiwa kwa mjomba Dodoma, ikasemwa ni kwa sababu ya shule nzuri, na huko akapata dawa na dawa ikamkubali. Ana miaka mingi hajaanguka, ila vidonge havikosi. Vinakaa ndani ya kopo la vitamini, na kila aliyewahi kulala naye chumba kimoja amedanganywa kuhusu lile kopo. Hali hiyo ndiyo iliyompeleka kusomea ubongo, hata kama kwenye usaili alitaja sababu nyingine nzuri nzuri.

Utauliza, sasa kuna ubaya gani? Basi wewe hujawahi kupeleka posa kwetu. Kwetu, kabla watu hawajakubaliana, ukoo unachunguzwa. Wanatumwa watu wazima, wanakuja kama wageni wa kawaida, wanakula, wanauliza habari za mvua, halafu wanauliza yaliyowaleta: kuna ukoma hapa? Kuna uchawi? Kuna kuanguka? Hilo la mwisho linaulizwa kwa sauti ya chini. Wanaamini liko kwenye damu, na kwamba povu la mgonjwa likikugusa umekwisha, ndiyo maana mtoto anaweza kuangukia motoni na watu wazima wakasimama wanamtazama. Dada akiwa nalo, mdogo wake haolewi. Na mdogo wake Luciana, Happiness, alikuwa ameposwa na Marko, mwalimu wa hapo hapo Nduguti. Wachunguzi walifika Mgori, wakachinjiwa kuku, wakauliza, na mama yake Luciana akawatazama machoni akasema kwetu hakuna kitu kama hicho. Sendofu ilikuwa Jumamosi.

Kama hiyo haitoshi, tabibu wa kituo cha afya walikofikia, yule aliyepewa kazi ya kuwatafsiria wanafunzi kwa Kinyiramba, mzee Calist, alikuwa baba mdogo wa Marko. Alimpokea Luciana kwa heshima zote. Luciana akampa shikamoo, naye akaitikia marahaba mkwe, karibu nyumbani. Na mama alikuwa ameshapiga simu asubuhi: "Mwanangu, hapo uko kwa wakwe. Jitunze." Jitunze, kwa lugha ya mama yake, ilikuwa na maana moja tu: siri isitoke.

Watu walikuwa wameshajaa kwenye mabenchi tangu mapema, kila mmoja na mgonjwa wake. Wa kwanza kuitwa alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, anaitwa Mama Eliana. Binti yake Eliana angekuwa darasa la tatu, kama angekuwa shule. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umekunjamana kwa kovu la moto mpaka kiwiko. Kiunoni alikuwa amefungwa kipande cha kitenge, na ncha ya pili ya kile kitenge ilikuwa imefungwa kwenye mkono wa mama yake. Wote wawili walionekana wamezoea kutembea hivyo, mmoja akisimama na mwingine anasimama.

Mama Eliana alizitazama zile nyaya zilizotandazwa mezani, akamvuta mtoto nyuma yake. Akasema maneno mengi kwa Kinyiramba.

"Anasema hakuja hapa mtoto wake avutwe akili," Calist akatafsiri. "Anauliza, nyinyi wenyewe mmeshavaa hivyo vitu?"

"Wote," akasema Fredrick.

"Wote isipokuwa mmoja," akasema Profesa, maana ni mtu asiyeweza kuacha kosa likapita. Halafu akageuka, macho yake yakatua kwenye kitambaa cha Luciana. "Luciana. Leo hujasuka."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyeona embe limeiva. Luciana akakikaza kitambaa chake. "Prof, leo kichwa kinaniuma."

"Vizuri, tutaona kinavyouma."

Calist akalitafsiri hilo, benchi zima likacheka, na hata Mama Eliana akamtazama kwa macho ya kungoja. Luciana alipiga hesabu haraka. Akisema hataki, huyu mama anaondoka, na nyuma yake mabenchi yote, maana ataogopaje mtaalamu kitu ambacho mtoto hatakiwi kukiogopa? Na Calist atajiuliza. Watu wa aina ya Calist wakijiuliza hawalali. Akikubali, mistari itamsema mwenyewe, mbele ya ukoo wa wakwe, siku chache kabla ya sendofu. Kote maji ya shingo. Akafungua kitambaa akakaa.

Fredrick alimpima kichwa kwa utepe, akaweka alama, akamsugua, akapaka gundi. Ni baridi kweli, Profesa hakudanganya. Waya mmoja nyuma ya sikio, mwingine utosini, mwingine, mwingine, mpaka zikakusanywa zote nyuma ya shingo zikafungwa pamoja, na Luciana akawa amekaa pale kama mbuzi wa mnada. Mlango ulikuwa wazi. Calist alisimama mlangoni. Kompyuta ilikuwa nyuma yake, asingeweza kuiona bila kugeuza kichwa, na kichwa hakiruhusiwi kugeuka. Alichoweza kuona ni nyuso tu.

"Fumba macho," akasema Fredrick. "Fumbua. Fumba. Sasa pumua kwa nguvu, ndani, nje, usiache mpaka nikwambie."

Akapumua. Vidole vikaanza kufa ganzi. Alijua ile pumzi imewekwa makusudi kuuchokoza ubongo, na alijua kinachofuata ni taa, nayo imewekwa kwa kazi hiyo hiyo. Kwenye tasnifu yake alikuwa ameandika sura nzima juu ya taa ile, imepigwa msasa mpaka Profesa akaisifia. Taa ikaanza kumwekamweka mbele ya uso wake, taratibu, halafu mbio. Akawaza sakafu ilivyo ngumu. Akawaza Happiness amekaa kwa msusi, anacheka. Mungu wangu, si hapa, akasema moyoni, popote pengine lakini si hapa.

Taa ikazimwa.

"Prof," akasema Fredrick, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hebu sogea uone."

Profesa akasogea. Luciana alimtazama Calist, na Calist alikuwa anawatazama wale wawili kwenye kompyuta, na Luciana akajua ndiyo yamekwisha. Mikono yake ikakamata kingo za kiti.

"Mistari safi namna hii sijawahi kuiona," akasema Fredrick. "Hata yangu haifiki hapa."

"Kawaida," akasema Profesa, akipitisha kidole kwenye kioo. "Kawaida kabisa."

Luciana alitaka kucheka, akajizuia kwa sababu angelia. Mjinga mimi, akajisemea. Kitu hiki yeye mwenyewe huwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza: mashine inaona saa ile tu unapopimwa, haioni jana, na mtu wa kifafa aliyekubaliwa na dawa anaweza kuwa na mistari iliyonyooka kuliko ya padri. Alikuwa analijua hilo. Woga ulikuwa umeufuta kabisa usomi wake. Miaka yote ile ya kubanwa nywele mpaka ngozi ya kichwa inauma, kumbe angekaa tu.

Profesa akaigeuza kompyuta ili Mama Eliana aone. "Umeona, mama? Hiki ndicho kichwa cha mtu asiye na ugonjwa. Huyu tutamweka kwenye kundi la wazima, wengine tutawalinganisha na yeye."

Calist akatafsiri kwa kujidai, na mwisho akaongeza la kwake kwa Kiswahili: "Mkwe wetu huyo. Mzima." Watu wakaitikia kwa vichwa. Luciana akatabasamu. Amepona, tena amepona mbele ya mashahidi. Kilichobaki ni kukaa kimya, kazi ambayo hakuna aliyeijua kuliko yeye.

Mama Eliana hakutabasamu. Alikitazama kile kioo kwa muda, halafu akauliza kitu kifupi.

"Anauliza," akasema Calist, "mtoto wake akinywa dawa zenu, atakuwa kama huyu?"

Profesa ni mtu mkweli. Angekuwa mwongo kidogo tu, mambo yangeishia hapo. "Siwezi kuahidi, mama. Lakini wengi wanapata nafuu, na wengine hawaanguki tena. Wanasoma, wanafanya kazi."

"Anauliza umewahi kumwona mmoja."

"Wapo. Wapo wengi."

"Anasema hajauliza kama wapo. Anasema watu wa kutoka mjini wamekuja hapa mara nyingi wakasema wapo. Anataka umwonyeshe mmoja, mwenye jina, wa huku kwetu. Anasema yeye tangu azaliwe aliowaona walikufa kwa moto au kwa maji, au wamefungiwa ndani."

Profesa akawatazama wanafunzi wake. Angempata wapi? Waliopona ndio hao waliofichwa kuliko wote. Fredrick, ambaye methali humjia wakati mbaya, akasema, "Mwambie mficha uchi hazai," na Calist akamtazama tu bila kutafsiri. Mama Eliana alikuwa ameshaanza kukaza fundo la kitenge kwenye mkono wake. Mtoto aliliona fundo linakazwa, akasimama, tayari kuondoka. Hakulalamika. Hicho ndicho kilichomshinda Luciana, yule mtoto kutolalamika.

"Yupo," akasema.

Hakuna aliyemsikia vizuri, ikabidi arudie. "Mama, subiri. Yupo mmoja. Ni mimi. Mimi naanguka, tangu nikiwa msichana. Nakunywa dawa kila siku. Mashine haikuona kwa sababu dawa inafanya kazi."

Fredrick alitazama kioo, akamtazama Luciana, akatazama kioo tena. Mama Eliana alimgeukia Calist angoje tafsiri, kama alivyozoeshwa asubuhi yote. Calist hakutafsiri. Alikuwa amesimama na mdomo umefungwa, mtu mzima aliyeelewa kila neno, na akageuka akatazama nje.

Basi Luciana akalisema mwenyewe kwa Kinyaturu cha kwao Mgori. Si Kinyiramba, lakini lugha hizi mbili ni ndugu wa karibu, na mtu wa Nduguti akitega sikio hakosi maana. Alilisema polepole, jambo ambalo kwa lugha ya mama yake hakuwahi kulitamka, maana kwao hata jina la ugonjwa lilikuwa halitajwi. Mzee mmoja aliyekuwa karibu na kiti akainuka akahamia benchi la mbali. Calist akatoka nje, simu mkononi.

Mama Eliana akasogea. Akainama, akauchungulia uso wa Luciana kwa karibu, na zile nyaya zote. Alipouliza, aliuliza kwa Kiswahili chake mwenyewe cha kuokoteza. "Jikoni. Nani anapikia wewe?"

"Napika mwenyewe, mama."

"Motoni?"

"Motoni. Kuni, mkaa, vyote."

Mwanamke alisimama pale. Halafu akaanza kulifungua lile fundo kwenye mkono wake, na kwa kuwa lilikuwa limekazwa sana alitumia meno. "Mkalisheni," akasema.

Profesa mwenyewe ndiye aliyemtoa Luciana nyaya, moja moja, bila haraka. "Hii mistari yako haiwezi tena kukaa kwenye kundi la wazima," akasema.

"Najua, Prof."

"Ungeniambia mwaka wa kwanza."

"Ungenichukua?"

Profesa akatoa waya mwingine, akaufuta gundi kwa kitambaa, akauweka mezani. "Sijui," akasema. Luciana alimshukuru kwa hilo. Halafu Profesa akampa utepe wa kupimia na kumwonyesha mtoto kwa kidevu, maana sasa Luciana alikuwa ameshakaa kwenye kiti na haki ya kufunga wengine alikuwa nayo.

Alimfunga Eliana nyaya akiongea naye mambo ya kuku na ndama, na mtoto alicheka gundi ilipomgusa. Mistari ya Eliana iliruka na kuchongoka kama ilivyotarajiwa, dawa ikaandikwa, na benchi likasogea mtu mmoja mbele. Yule mzee aliyehama hakurudi karibu. Simu ya Luciana ilikuwa inaita mfukoni, inakata, inaita. Mchana walipopumzika kula alitoka nyuma ya kituo, kwenye kivuli cha tangi la maji, akapokea. Alitarajia ni mama yake. Alikuwa Happiness.

"Dada, ni kweli umesema?"

"Ni kweli."

"Mbele ya baba mdogo wa Marko?"

"Mbele yake."

Happiness akavuta pumzi. Nyuma yake zilisikika sauti za wanawake na masufuria. Walikuwa wameshaanza maandalizi. "Baba yake amempigia mama. Wamesema sendofu isimame kwanza, ukoo ukae. Mama amejifungia chumbani."

"Na Marko?"

"Marko hapokei."

Luciana akaanza kueleza. Alieleza vibaya, kwa haraka, akirudia rudia: mtoto, kovu, kitenge kiunoni, yule mama aliyetaka aonyeshwe mmoja. Alisema hakukuwa na mwingine, kama angenyamaza wangeondoka. Alisema samahani, halafu akasema tena. Upande wa pili Happiness alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Umefanya vizuri," Happiness akasema. "Na mimi ningekuwa na mtoto ningetaka mtu aniambie." Alikuwa analia sasa, lakini kwa utulivu, kama mtu ambaye hana haraka ya kumaliza. "Unakumbuka ukiwa likizo nani alikuwa anakuletea maji ya kumezea vidonge? Nilikuwa mtoto, dada. Nikaambiwa nisiseme, sikusema shuleni, sikusema kanisani, kwa Marko sikusema. Ungenipigia simu hata dakika moja ukaniuliza, ningekwambia sema. Haki ya Mungu ningekwambia sema. Lakini ungeniuliza."

Happiness akakata simu.